Muulize Masi: Sufuria la Siku Tisa

Mvua za vuli zikikaribia, barua zenu hubadilika. Miezi mingine mnaniuliza kwa nini chapati zinatoka ngumu kama soli ya kiatu. Ikifika Septemba au Oktoba, mwezi wa Ashvin kwa hesabu yetu ya mwandamo, ni Navratri tu. Kwa msomaji mgeni: ni siku tisa za kumwadhimisha Durga, mungu wa kike ambaye sisi Wagujarati tunamwita Mataji. Wengi hufunga, yaani huacha vyakula fulani, na usiku hucheza ngoma ya garba kuzunguka chungu cha udongo chenye matundu matundu, taa ikiwaka ndani yake.

Na mimi ni nani? Mzaliwa wa Tanga. Babu alitoka Mandvi, huko Kutch, India, kwa jahazi. Niliolewa Dar es Salaam mwaka 1979 na tangu hapo sijatoka jikoni. “Masi” ni dada wa mama, mkubwa au mdogo. Si daktari mimi, wala si maharaji, kuhani wa hekaluni.

Chakula cha kufunga tunakiita farali. Ngano, mchele, mahindi, dengu, choroko na maharage vinakaa kabatini. Vitunguu maji na vitunguu saumu, hapana. Nyama, samaki, mayai na pombe ndiyo usiseme. Chumvi ni ya mawe. Vinavyobaki ni viazi vya kila namna, mhogo, magimbi, karanga, matunda, maziwa, mtindi, samli na mbegu chache nitakazozitaja. Sasa barua.

*Shikamoo Masi. Nafanya kazi za ndani kwa familia moja hapa Upanga. Mama mwenye nyumba amesafiri kumwuguza dada yake, ameniachia bibi wa miaka 76 anayefunga siku zote tisa. Kaniandikia karatasi: moraiyo, rajgira, singoda, sindhav. Makopo nayaona, kazi yake siijui. Bibi Kiswahili chake cha kuombea maji tu, tena hapendi kunisumbua. Naogopa kumharibia funga yake. (Dada wa ghorofa ya tatu)*

Marahaba mwanangu. Kwanza pumua. Anayeogopa kuharibu funga ya mwenzake ndiye hasa anayefaa kuachiwa sufuria.

Fungua makopo. Moraiyo ni zile punje ndogo nyeupe kama chenga za mchele. Ndizo wali wetu wa siku hizi. Rajgira ni mbegu ndogo kuliko ulezi, rangi ya malai, ndugu wa mchicha, na mara nyingi huuzwa ikiwa unga. Singoda ni unga wa tunda linaloota majini, wa kufanyia mchuzi uwe mzito au kupikia uji. Sindhav ndiyo chumvi ya mawe, pengine ina rangi ya waridi kidogo.

Pili, vyombo. Sufuria iliyopikiwa samaki juzi, hata ukiisugua ikang'aa kama kioo, iache. Mafuta yaliyokaangia vitunguu usiyarudie. Mwiko wa mti hunywa harufu, kwa hiyo tumia wa chuma, na kibao cha kukatia kitunguu kigeuze uso ukutani mpaka siku ya kumi. Nyumba nyingi zina seti ndogo iliyotengwa kwa kazi hii, imefungwa kwenye kitambaa juu ya kabati. Tazama huko.

Tatu, na hili ndilo litakalokusumbua mpishi wa Kiswahili: usionje. Najua, mkono wenyewe unapanda, tone moja kwenye kiganja, ulimi, tayari. Lakini bibi huenda anapeleka kijiko cha kwanza mbele ya picha ya Mataji kabla hajala, na kilichoonjwa hakipelekwi. Kwa hiyo chumvi tunaipima. Kwa kikombe kimoja cha moraiyo kavu, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa kidole. Kama imepungua ataongeza mwenyewe mezani. Ikizidi, mtindi utaokoa.

Moraiyo inapikwa hivi. Osha kikombe kimoja kwenye chujio la matundu madogo sana, la sivyo nusu yake itaondoka na maji. Iloweke dakika 15. Pasha vijiko viwili vya samli, tia kijiko cha chai cha bizari nyembamba. Ikianza kulia tia tangawizi iliyotwangwa, pilipili mbichi moja uliyoipasua tu, na kiazi kimoja ulichokata vidogo. Kiazi kikipata rangi kidogo, tia moraiyo, geuza mara mbili tatu, kisha maji vikombe vitatu na chumvi yako. Moto mdogo, funika, robo saa. Kijana angepewa kavukavu, ila kwa meno ya miaka 76 ongeza nusu kikombe cha maji iwe laini kama bokoboko, na mwishoni koroga vijiko viwili vya karanga ulizokaanga kavu ukazitwanga. Pembeni weka bakuli la mtindi. Ukizima moto mapema itakaza baridi ikiingia, basi mpe ingali moto.

Asubuhi mpe maziwa ya moto yenye iliki, tende mbili na lozi chache zilizolala kwenye maji usiku ukazimenya. Saa nne, dafu. Mchana moraiyo. Jioni baada ya sala, viazi vitamu vya kuchemsha au papai. Maji anywe! Funga hii kwa wengi wetu si kama saumu ya Ramadhani. Maji yanaruhusiwa mchana kutwa, isipokuwa mtu ameweka nadhiri yake mwenyewe. Hilo muulize bosi kwa simu leo hii, pamoja na dawa za bibi na saa zake.

Manjano na giligilani, nyumba nyingine hutumia na nyingine hazigusi. Usikisie. Mpelekee bibi kopo, mwoneshe. Akitikisa kichwa kushoto na kulia kama embe kwenye upepo, hiyo ni ndiyo. Kwetu hapana ni kukunja uso.

*Jai Mataji, Masi. Nimeolewa Februari, naishi Mwanza na wakwe zangu. Sabudana khichdi yangu hutoka donge moja. Mama mkwe husema “si kitu, beta (mwanangu),” halafu anaikata kwa kisu. (Bi harusi wa ziwani)*

Jai Mataji mwanangu. Ya kwangu ya mwaka 1979 baba mkwe aliigusa kwa ncha ya kijiko, akauliza kama kuna bahasha ya kubandika. Wote walicheka, nami nikacheka, kisha nikaenda kulia chooni. Kwa hiyo umefika mahali penyewe.

Elewa kwanza unachopika. Sabudana, zile punje nyeupe, ni wanga wa mhogo, basi. Zamani sago ilitoka kwenye shina la mti fulani wa jamii ya mnazi, lakini sabudana ya India ya leo inatengenezwa kwa mhogo, nyingi yake huko Salem, jimbo la Tamil Nadu. Wanga huchujwa, huviringishwa vipunje, huanikwa. Sasa kila punje kwenye pakiti imejipaka vumbi la wanga la mwenzake, na vumbi hilo likikutana na maji na moto linakuwa gundi ile ile anayopikia fundi wa tiara. Ndiyo inayokukatisha kwa kisu.

Dawa yake ni kuosha. Tia kikombe kimoja cha sabudana kwenye bakuli pana, mimina maji, zungusha kwa vidole bila kuponda. Maji yatakuwa meupe kama tui. Mwaga. Rudia mara tatu, mara nne, mpaka uone vidole vyako chini ya maji. Wengi wanaishia mara moja.

Halafu kuloweka, na hapa ndipo bibi harusi wengi huzama. Maji yasizidi. Yalingane na uso wa sabudana, au yapande juu yake unene wa kidole kilicholala, si zaidi. Funika, acha saa tano, au usiku kucha kama punje ni kubwa. Asubuhi hutakuta maji. Punje zitakuwa zimeyanywa na kuvimba, kila moja imesimama peke yake. Chukua moja, ibonye kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikisambaratika yote kama siagi, iko tayari. Ukisikia kijiwe katikati, nyunyiza maji vijiko viwili, subiri nusu saa. Ukikuta maji yamesimama chini ya bakuli, mwaga kwenye chujio na utandaze punje juu ya kanga safi mpaka zisikuloweshe mkono. Usiwe na haraka na hatua hii hata kama mkwe anapitapita.

Sasa karanga. Kaanga kavu nusu kikombe mpaka maganda yawe na madoa meusi, zisugue ndani ya kitambaa, puliza maganda, twanga kwa kinu. Chengachenga nataka, si siagi ya karanga. Zichanganye na sabudana kabla haijaona moto, pamoja na chumvi ya mawe na kijiko kidogo cha sukari. Unga wa karanga unajipaka kwenye kila punje kama koti, unakunywa unyevu uliobaki, na punje mbili haziwezi tena kushikana. Hii ndiyo siri ambayo mama mkwe wangu alinificha mpaka mwaka wa pili.

Karai pana. Samli vijiko viwili vya kulia, bizari nyembamba, pilipili mbichi, majani ya kari kama nyumbani mnayaruhusu, kisha viazi viwili vilivyochemshwa na kukatwa. Tia sabudana. Moto wa wastani kwenda mdogo, geuza kwa kuinua kutoka chini, usikoroge duara kama ugali. Hakuna tone la maji, na usifunike, kwani mvuke ukirudi chini ni maji yale yale. Tazama punje: nyeupe tititi, kisha kingo zinaanza kuangaza, kisha zinakuwa kama shanga za kioo. Karibu nusu ya punje zikishakuwa za kioo, zima. Joto la karai litamaliza zilizobaki. Ni dakika tano hadi saba. Kamulia limau ukishaepua, si juu ya moto. Giligilani. Ifike mezani ikiwa moto, maana ikipoa hata ya kwangu hukaza.

Na usipunguze karanga kwa kubana matumizi. Katika gramu 100 za sabudana kavu protini haifiki hata gramu moja. Karanga kiasi hicho hicho zina karibu gramu 25. Sabudana bila karanga ni kushiba tumbo huku mwili ukiwa njaa.

*Habari Masi. Nasoma chuo Nairobi, tunakaa Parklands. Nacheza garba kila usiku mpaka saa sita. Mchana nakula krispi za viazi za pakiti zilizoandikwa farali, ndizi na chai. Mwaka jana usiku wa nne nilianguka katikati ya duara. Mamangu anasema nisifunge tena. Mimi nataka kufunga na kucheza. (Chaniya choli ya kijani)*

Mama yako nampa haki yake, ila nawe nakuelewa kuliko unavyodhani. Mwaka 1977, Tanga, nilikuwa na miaka 19, nimekula mapapai na chai siku tatu kwa sababu nilitaka kiuno kionekane kwenye sketi. Nilikuwa duara la ndani. Taa ya kwenye chungu ikaanza kuzunguka kabla yangu. Nilichokumbuka baadaye ni sakafu ya baridi na shangazi mmoja akinipepea kwa sahani ya prasadi, vitamu vilivyotolewa kwa Mataji, pipi zikimwagika.

Chaniya, ile sketi ya garba, ina mita nane za kitambaa, mwanangu. Unaizungusha saa tatu nne. Hata UNESCO wamekubali kwamba ngoma hii ni urithi wa dunia. Waliiandika kwenye orodha yao mwaka 2023, kikao kikiwa Kasane, Botswana, Afrika hii hii yetu. Hakuna mahali walipoandika kwamba inachezwa kwa krispi.

Krispi ni kiazi, mafuta na chumvi. Neno farali kwenye pakiti linakuambia hakuna ngano ndani. Halikuambii kwamba ni chakula. Unahitaji kitu cha kushika mwili, na huko kwetu ni rajgira, karanga na mtindi.

Fanya mkate wa rajgira mchana. Kikombe kimoja cha unga, kiazi kimoja kikubwa kilichochemshwa na kupondwa kingali moto, chumvi ya mawe, pilipili manga, tangawizi. Kanda bila maji kwanza. Kiazi ndicho kitakachoshika, kwa sababu unga huu hauna ule mnato wa ngano unaovutika. Kwa hiyo usijaribu kuusukuma hewani kama chapati. Weka donge kati ya karatasi mbili za nailoni zilizopakwa samli, bonyeza kwa kiganja, geuzia kwenye kikaango. Kingo zitapasuka, na ndivyo zinavyotakiwa. Miaka ya nyuma nilinunua unga wa rajgira duka moja, nikaona ajabu: donge linavutika, linasukumika jembamba, halipasuki. Nilifurahi dakika mbili, kisha nikaketi. Lilikuwa limechanganywa ngano, nami nilishawalisha watu sita waliofunga. Tangu siku ile nanunua mbegu nzima nasaga mwenyewe.

Ukinunua unga wa kuttu, ule wa rangi ya kijivu unaopendwa na watu wa India ya kaskazini, nunua mpya na uunuse. Uliokaa sana umewahi kupeleka watu wengi hospitalini huko Delhi wakati huu huu wa sikukuu.

Saa kumi na mbili jioni kula: mikate miwili, bakuli la mtindi, konzi ya karanga za kuchemsha. Usile saa mbili ukacheza saa mbili na nusu. Beba chupa ya chaas: kikombe kimoja cha mtindi, vikombe vitatu vya maji, bizari nyembamba iliyokaangwa na kutwangwa, chumvi ya mawe. Kunywa kila unapotoka kwenye duara, maana jasho linatoka na chumvi. Na ukianguka tena baada ya haya yote, nenda ukapimwe damu. Wasichana wengi wana upungufu wa damu na hawajui, wanaisingizia funga.

*Masi, shikamoo. Baba yangu ana miaka 71 na kisukari, anatumia vidonge. Hajawahi kuacha Navratri tangu utoto. Nikimwambia apumzike ananuna siku mbili. Naomba mapishi ya kumfaa. (Kijana wa Arusha)*

Marahaba. Mapishi nitakupa, lakini si kwanza. Kwanza ni daktari wake, wiki mbili kabla, vidonge vyote mkononi. Kuna vidonge vinavyoendelea kushusha sukari hata tumbo likiwa tupu na kuna visivyofanya hivyo. Wewe hujui vipi ni vipi, mimi sijui, baba ndiye hajui kabisa ingawa atasema anajua. Asipunguze dozi kwa kichwa chake. Na nyumba nzima ijue dalili: jasho la baridi, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, maneno kuchanganyika. Hapo hakuna funga; ni maji yaliyokorogwa vijiko vitatu vya chai vya sukari papo hapo, na kipimo.

Mzee wa namna hiyo humwambii “acha.” Mwambie kwamba wagonjwa, wajawazito na wanyonyeshao hawadaiwi funga, kisha mpe njia ya kutokea kwa heshima. Wapo wazee wengi wanaofunga siku ya kwanza na ya nane tu. Wapo wanaoacha kitu kimoja wanachokipenda kwa siku tisa. Mume wangu, sukari ilipompanda, aliweka nadhiri ya kuacha chai ya maziwa. Kwa Mgujarati hiyo ni funga nzito kuliko njaa, na alitutesa wote.

Daktari akiruhusu, epuka vinavyopandisha sukari kwa kasi: sabudana, viazi vya kukaanga, juisi, halua ya singoda. Mpe vidogo vidogo, mara nyingi. Mung'unye ndio rafiki wake. Menya mmoja mchanga, kata vipande, kaanga bizari nyembamba na tangawizi kwa samli kijiko kimoja, tia mung'unye, funika ujipike kwa maji yake, malizia kwa karanga zilizotwangwa na limau. Pamoja nao, paneer, jibini laini ya nyumbani: chemsha lita moja ya maziwa, zima, tia maji ya limau vijiko viwili vya kulia ukikoroga polepole. Yakigawanyika na maji yake yakawa ya kijani kibichi hafifu, chuja kwenye kitambaa, kandamiza kwa jiwe la kinu nusu saa. Mkate wa rajgira mmoja, mdogo, si mitatu.

*Masi wetu, mimi Mwislamu, naishi Tanga. Jirani yangu Mhindu kila Ramadhani huniletea tende na matunda ya kufuturia. Mwaka huu nataka kumrudishia sahani siku za funga yake. Nisije nikampelekea haramu yake! (Mama Mpemba)*

Umenirudisha nyumbani, dada yangu. Mama yangu na jirani yake Mdigo walibadilishana sahani miaka 20, na sahani haikurudi tupu hata siku moja. Ikikosekana kitu, ilirudi na ndimu.

Kitu kisichopita jikoni kwako ndicho salama zaidi: madafu, ndizi, komamanga, papai zima. Papai usilikate, kisu chako kimekata kitunguu. Ukitaka lazima utie mkono wako, fanya kashata ya nazi au ya karanga: sukari, iliki, basi, kwenye sufuria unayochemshia maziwa. Usiweke unga. Ila mtangulizie neno, “Ben (dada), nikileta kashata mtakula?” maana wapo ambao siku hizi hawali kilichopikwa nje ya nyumba yao, na hiyo si dharau kwako. Asipoweza, atakitunza mpaka siku ya kumi, Dussehra, funga imeisha. Na siku hiyo jiandae, fafda na jalebi, vitafunio vyetu vya siku hiyo, zitakuja kwako, sahani ile ile.

*Masi, swali dogo. Mchele mwiko, mhogo ruksa. Kwa nini? (Mdadisi, Bagamoyo)*

Swali dogo! Jibu la jikoni ni kwamba tunaacha nafaka na kunde, tunabaki na mizizi, matunda na mbegu. Lakini kwa kuwa wewe ni mdadisi, tazama sahani yenyewe. Viazi, viazi vitamu, mhogo, karanga, pilipili, hata rajgira, asili yake yote ni bara la Amerika. Mababu wa mababu zangu hawakuvijua. Vilikuja kwa merikebu, wakavikagua, wakaona havimo kwenye orodha ya vilivyokatazwa, wakavila. Mhogo tumeuzoea zaidi sisi wa Afrika Mashariki. Ulipo Mgujarati wa Dar au Mombasa siku ya kufunga, pana mhogo wa kuchemsha uliopigwa samli, bizari nyembamba na limau, na wanaohamia Leicester, Uingereza, huutafuta kule kwenye mafriza ya maduka, umeganda kama kuni. Menya ganda lote mpaka la ndani la waridi, toa uzi wa katikati, chemsha kwa maji mengi na uyamwage. Mhogo mchungu usiuguse kwa pishi hili.

Tena kila kabila na lake. Wabengali, siku hizo hizo za Durga, hula samaki na mbuzi kwa raha zao.

Ila usinipeleleze sana, maana moraiyo, yule mtukufu wetu wa siku tisa, ni mbegu ya nyasi kama mtama na ulezi. Nafaka kamili. Nililigundua nikiwa shule ya sekondari, nikakimbia nalo jikoni nikidhani nimevumbua kitu. Mama hakugeuka. Aliniambia kwa Kikutchi, “Nyamaza, koroga, inashika chini.”